Mutoto Aliyefundishwa Kujibana

Kadutu, Bukavu, tarehe 4 Februari 1957

Yaya Sophie,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji Apollinaire na Georgette. Sisi hapa hatuna neno baya. Monique amejifungua salama tarehe 9 ya mwezi uliopita. Ni mutoto mwanamuke, tumemupa Agnès, jina la maman. Jumapili ya juzi nilifika Nyangezi kumuona mama mukubwa Euphrasie. Macho yake yamepunguka, lakini sauti bado iko na nguvu. Aliniuliza kwa nini wewe hurudi kumuona. Nilimujibu kwamba njia ya kutoka kwenu Mwenga ni mbaya.

Kazini kuna mabadiliko. Siko tena karani-mutafsiri wa tribunali. Tangu Januari wameniweka kwenye archives, chumba cha karatasi za zamani, nyuma ya nyumba ileile, na kiti changu amepewa Pascal, yule wa Kavumu. Ni kazi ya utulivu.

Sasa neno lililonifanya nichukue kalamu. Ni mwaka mmoja niko na ugonjwa wa mukojo. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Nilikwenda hopitali. Munganga, Mubelgiji wa maneno machache, hakuanza na homa. Aliniuliza: «Ulipokuwa mutoto, ulikojoa kitandani mupaka umri gani? Mukojo ulikuchoma? Walikutibu namna gani?» Nikajibu sijui. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema: «Uliza mama yako.»

Maman alikufa nikiwa na miaka minne. Papa alikuwa kwenye mashamba ya kinini, ile dawa ya malaria, tulimuona kwa Noeli tu. Aliyetulea ni mama mukubwa, na aliyenichunga ni wewe, uliyenipita miaka sita. Mama mukubwa sikuthubutu kumuuliza. Basi nakuuliza wewe. Niandikie unachokumbuka, hata kama ni kidogo.

Ndugu yako mudogo,
Évariste

*

Mwenga, tarehe 10 Machi 1957

Kwa ndugu Évariste,

Salamu nyingi. Barua yako ya tarehe 4 Februari ilitufikia tarehe 1 Machi. Tumefurahi kwa kuzaliwa kwa Agnès. Sisi wote tuko wazima. Mugodi unaendelea vizuri, na mvua ni nyingi. Georgette ametimiza miaka sita na anajua Baba Yetu yote.

Kuhusu neno uliloniuliza, ulikuwa mutoto kama watoto wengine. Sikumbuki ugonjwa wowote. Watoto wote wanakojoa kitandani, kisha wanaacha. Kunywa maji ya moto na usikae penye baridi.

Sophie

Imeandikwa na mume wake, Apollinaire, karani wa majina ya wafanyakazi mugodini. Mimi naongeza neno moja langu: karani mwenye bidii hahamishwi bila sababu. Fikiri juu ya jambo hilo.

*

Kadutu, tarehe 2 Aprili 1957

Yaya Sophie,

Natumaini barua hii itakukuta muzima. Monique anakusalimia. Agnès ananyonya vizuri na analia kidogo tu. Mama mukubwa alinituma sukari na chumvi, nimemupelekea.

Namushukuru shemeji kwa shauri lake.

Nimerudi hopitali. Infirmier Honoré, muuguzi wa hapo na Mukadutu mwenzangu, aliniambia nikojoe mupaka nimalize. Nikakojoa, nikamuambia nimemaliza. Kisha akanilaza, akaingiza mupira mwembamba wa munganga, na ukatoka mukojo mwingine, karibu chupa nzima ya bia. Honoré akamuita munganga. Munganga akaangalia chupa, kisha akaniangalia.

«Hukusikia kwamba kumejaa?»

«Hapana, Bwana munganga.»

«Hata kidogo?»

«Hata kidogo.»

Akakaa kwenye kiti, akanieleza kwa Kifaransa, polepole. Kibofu ni mufuko wa nyama. Kikijaa, kinamuita mwenyewe, naye anakwenda. Kikizoezwa tangu utoto kujaa kupita kiasi, kinatanuka, kinachoka, na mwisho kinaacha kuita. Mutu anakwenda kwa mazoea tu. Anafikiri amemaliza na hajamaliza. Mukojo unaobaki ndani unaharibika, unaleta homa. Siku nyingine unatoka wenyewe bila kumuuliza. Alisema: «Kibofu kama hiki hakikuanza mwaka uliopita. Kimeanza zamani sana.»

Yaya, ugonjwa sikumbuki. Lakini niko na kitu kimoja. Nakumbuka nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya Nyangezi, na mikono yako iko juu ya magoti yangu. Sijui tulikuwa tunafanya nini pale. Wewe unajua?

Évariste

*

Mwenga, tarehe 19 Juni 1957

Kwa ndugu Évariste,

Salamu. Usishangae kwa kuchelewa. Daraja lilichukuliwa na maji mwezi wa Aprili, na kamyo za posta zilikaa wiki nyingi upande wa pili. Sisi tuko wazima. Tunasikitika kwa ugonjwa wako na tunakuombea.

Kuhusu mikono, mutoto anashikwa asianguke. Hakuna kingine.

Kwa Pasaka tulikwenda Shabunda kwa mama ya Apollinaire. Georgette alituletea aibu, aliharibu kitanda cha wageni siku tatu mufululizo. Tangu hapo anafundishwa, sawa na vile sisi tulifundishwa, na ameanza kuwa mukavu. Wiki hizi mbili ana homa kidogo. Hapa wanasema ni malaria.

Sophie

Imeandikwa na Apollinaire.

*

Kadutu, tarehe 28 Juni 1957

Yaya Sophie,

Barua hii siipeleki nyumbani kwako. Naipeleka kwa Domitille, mwalimu wa misioni ya huko, yule tuliyesoma naye katekisimu Nyangezi. Nimemuomba akusomee mukiwa wawili tu. Monique na mutoto ni wazima.

Nitakuambia kwanza langu, kwa sababu sikukuambia lote. Sikuhamishwa kwa sababu ya uvivu. Mwezi wa Desemba nilikuwa natafsiri maneno ya shahidi, muzee wa kutoka Walungu, kutoka Mashi, lugha ya kwetu, kwenda Kifaransa, juu ya ng'ombe wawili. Sikusikia kitu mwilini. Nilimuona tu yule muzee ananyamaza, anaangalia viatu vyangu. Nikaangalia mimi pia. Suruali ilikuwa imeloa mupaka chini, na maji yalikuwa kwenye sakafu ya sima, mbele ya hakimu na watu wote. Hakimu akasema, «Tupumzike robo saa.» Sikurudi baada ya robo saa. Monique hajui. Anafikiri niliomba archives mwenyewe.

Umesema Georgette anafundishwa sawa na sisi. Namna gani? Ni nani anayemufundisha? Na tafazali, mukojo wake uko na rangi gani?

Évariste

*

Mwenga, tarehe 21 Julai 1957

Mudogo wangu Évariste,

Domitille anaandika, mimi nasema. Nimemuomba aandike vile nasema, asisafishe. Tuko kwenye darasa yake, batoto wamekwenda, na Georgette anacheza inje. Salimia Monique. Agnès umubebe kwa ajili yangu.

Ulikuwa unakojoa kitandani mupaka miaka saba. Huo njo ukweli. Kila siku, bila kukosa moja. Mama mukubwa alikwenda kukuombea nafasi kwenye masomo, yale ya kulala kulekule, wakamuambia mutoto wa kukojoa kitandani hawapokei. Alirudi na hasira. Kesho yake akaanza.

Asubuhi unatoka inje mara moja. Kisha hapana kutoka mupaka kengele ya saa sita. Kisha hapana kutoka mupaka kengele ya jioni. Maji ya kunywa, kikombe kimoja. Alisema, «Huyu atajifunza kujibana.» Na mutu wa kukuchunga ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikaa kwenye kizingiti, mimi nakufunga magoti kwa mikono. Ulikuwa unalia, unaniambia, «Yaya, inatoka.» Nakujibu, «Haitoki. Hesabu.» Unahesabu mupaka mia, unaanza tena. Kama ulijikojolea, tulipigwa sisi wawili. Juu ya ile nilikuwa nakaza. Mama mukubwa alikuwa shambani. Mikono ilikuwa ya mimi.

Kisha ya miezi mitano ukawa mukavu. Mama mukubwa alikupikia kuku. Ukaacha kulia, ukaacha hata kuomba kutoka. Nilikuona unacheza siku nzima bila kwenda, nikafikiri umepata akili. Mwaka ule ulipata homa mara mbili, na mukojo ulitoka na damu. Mama mukubwa alikunywesha majani. Hatukuambia mutu, juu ya masomo, wasikukatae. Ukapona, ukaenda.

Sikukuambia tangu mwanzo, juu kalamu ilikuwa ya Apollinaire. Na iko neno lingine. Kwenye kile kizingiti mimi pia sikuwa natoka kama wewe hujatoka. Sasa, tangu nilizaa Georgette, siwezi kushika. Nikikohoa, inatoka. Nikibeba maji, inatoka. Kwa misa nasimama nyuma, karibu na mulango. Apollinaire anafikiri sipendi kusali. Sijui kama ni kuzaa ama ni kizingiti. Miaka sita sijamuambia.

Sasa Georgette. Apollinaire njo anatoa amri, lakini anakwenda mugodini saa moja asubuhi. Nani anabaki anamushika magoti? Nilijua niko nafanya nini, na nilifanya, juu sikuwa na maneno ya kumukataza bila kusema yangu. Leo asubuhi Georgette aliniambia inamuchoma. Rangi ni ya chai nzito.

Niambie cha kufanya.

Sophie

*

Kadutu, tarehe 5 Agosti 1957

Yaya Sophie,

Salamu. Tuko wazima. Agnès ameanza kucheka na watu. Barua hii pia inapita kwa Domitille.

La Georgette kwanza, kwa sababu halingoji. Acha leo. Umupe maji ya kunywa mengi. Atoke kila anapotaka, na hata asipotaka atoke kila baada ya saa mbili ama tatu. Achuchumae bila haraka mupaka amalize, kisha angoje kidogo, ajaribu tena. Asipigwe, asichekwe. Kile kinachomuchoma si malaria. Munganga anataka kumuona kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimemuandikia shemeji Apollinaire barua yake mwenyewe. Lako sikulitaja, ni lako. Nimemuambia langu lote, na suruali, na shahidi, na kiti cha Pascal. Nilimuandikia hivi: «Shemeji, ulisema karani hahamishwi bila sababu. Sababu ndiyo hii, na ilianza nikiwa karibu na umri wa Georgette.» Kisha nilimuambia Monique pia. Alisema alikuwa anafua suruali zangu mwaka muzima, je, nilifikiri hajui?

Pili, nilikwenda Nyangezi. Mama mukubwa alikuwa anachambua maharagi kwa vidole. Nikamuuliza wazi. Hakukataa.

«Ulikuwa unanuka,» akasema. «Wangekuacha hapa uchunge mbuzi za watu. Leo uko na viatu, uko na Kifaransa. Ulitaka nifanye nini?»

«Sijui, mama mukubwa.»

«Basi.»

Akaendelea na maharagi. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa: «Inakuuma?»

Nikamujibu kwamba haiumi, na ubaya wake ni huo, haiumi hata kidogo. Nilipoondoka alinifungia nusu ya yale maharagi, ingawa yeye mwenyewe hana mengi.

Tatu, habari yangu. Munganga anasema kibofu changu hakitarudi vile kilipaswa kuwa. Nakwenda kwa saa, mara saba kwa siku, kila mara nikimaliza nangoja, naanza tena. Tangu nianze hivi homa haijarudi. Nilimuuliza kama ni kizingiti. Alisema hawezi kuapa. Wako watoto waliobanwa hivyo na wakakua bila ugonjwa. Lakini watu wazima wanaokuja kwake na kibofu kama changu, akiwauliza vizuri, wengi wanakuwa na utoto wa namna hiyo, ila hawakuulizwa mapema. Mutoto akitibiwa mapema, akasema, mara nyingi anakuwa mutu muzima bila shida.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Nimetafuta hasira juu yako, sikuipata. Juu ya mama mukubwa naipata, lakini haikai.

Évariste

*

Mwenga, tarehe 13 Oktoba 1957

Mudogo wangu Évariste,

Domitille anakusalimia, ni yeye anaandika. Salimia Monique, umuambie nguo za Agnès alizotupatia zimemufaa mutoto wa jirani. Tulirudi hapa Mwenga vizuri. Vile tulikuwa kwako uliviona mwenyewe: Georgette kwa munganga, vidonge vile vikubwa, na Apollinaire amekaa kwenye benchi ya hopitali, kofia kwenye magoti. Kabla ya kuja alikuwa amesoma barua yako, siku ya tatu akaomba ruhusa mugodini. Mimi sikumuuliza kitu.

Njia ya kurudi hukuiona, basi nakuambia.

Kamyo ilijaa watu na mifuko ya chumvi. Kabla ya Walungu Georgette akasema anataka kutoka. Apollinaire akapiga mukono juu ya kabina, dereva akasimama. Mbele kidogo, mara ya pili. Dereva akaguna, watu wakaguna. Tukapanda mulima, kamyo inaruka, inaruka, na mimi nikasikia kitenge kinaanza kuloa. Kulikuwa na watu mbele yangu, watu nyuma yangu. Nikaona nitafika Mwenga hivi, na wote watajua.

Nikamuambia Apollinaire kwenye sikio: «Simamisha. Sasa ni mimi.»

Akaniangalia. «Wewe?»

«Mimi. Tangu Georgette azaliwe. Siwezi kushika.»

Akaniangalia tena, ile ya kuangalia mutu na kuhesabu. Najua alikuwa anahesabu misa zile zote. Kisha akapiga kabina, nguvu. Dereva akatoa kichwa inje, akapiga kelele:

«Nani tena?»

«Ni mimi,» Apollinaire akasema.

Watu wakacheka sana. Unamujua Apollinaire, mutu wa kola na kalamu mufukoni. Akashuka, akanishika mukono nishuke na yeye, kama anataka mutu wa kumusindikiza. Tukapita nyuma ya majani. Akavua koti yake ya mvua, akaifungua pande mbili, akanigeuzia mugongo, akasimama mupaka nikamaliza. Sikuwa na haraka. Aliniuliza mara moja tu, bila kugeuka: «Umemaliza?» Nikasema, «Ngoja kidogo, najaribu tena.» Akangoja.

Tuliporudi dereva akamuambia, «Muzee, uko na kibofu cha mutoto!» Apollinaire alipanda, akakaa, akaweka koti juu ya magoti yangu.

Tangu hapo hajaniuliza neno. Lakini Jumapili iliyopita, kwenye misa, alikuja kusimama nyuma na mimi, karibu na mulango. Mwezi ujao nitakwenda kwa masista wa maternité, pale wanawake wanazalia, wanipime. Ni yeye alikwenda kuandikisha jina langu.

Georgette hachomwi tena, na homa imekwisha. Usiku bado anakojoa, mara mbili ama tatu kwa wiki. Hatuhesabu. Asubuhi anatoa mukeka wake mwenyewe, anauanika mbele ya nyumba, majirani wanaona. Jana aliuweka kivulini. Apollinaire alipita hapo akienda kazini, akasimama, akausogeza penye jua, akaenda.

Sophie